Benki ikipigwa faini kwa usalama mbovu, pesa yako inarudi?

Kila habari inapotoka kwamba benki fulani imetozwa faini baada ya wadukuzi kuingia, tunaanza kupokea swali lile lile: hiyo faini wateja tunagawiwa? Mteja wetu mmoja wa Nakuru, anayeuza vipuri vya pikipiki, aliliuliza vizuri kuliko wengine. Aliandika: "Mimi niliibiwa elfu nane kwa akaunti ya benki. Wakitozwa mamilioni, si elfu nane yangu iko hapo ndani?"

Haiko. Faini ni kati ya benki na mdhibiti wake. Pesa uliyoibiwa wewe hurudi kwa njia nyingine kabisa, na kwa sehemu kubwa njia hiyo huanza na kile unachofanya katika saa chache za kwanza. Tungependa uielewe kabla hujaihitaji. Kwa hivyo leo tutatumia kisa kimoja cha Uingereza, kwa sababu mdhibiti wa kule alichapisha karibu kila kitu: makosa yenyewe, saa yalipotokea na hesabu ya faini. Halafu turudi hapa nyumbani.

Usiku wa wikendi, saa nane

Tesco ni supamaketi kubwa ya Uingereza, na wakati huo ilikuwa na benki yake, Tesco Bank, ambako watu walikuwa na akaunti za kawaida za matumizi na kadi za kulipia. Jumamosi tarehe 5 Novemba 2016, saa nane usiku, malipo ya ajabu yakaanza kupita kwenye kadi hizo. Mengi yalitoka Brazil. Wenye kadi walikuwa Uingereza, wamelala.

Wezi hawakuwa na kadi hizo mkononi, na hakuna orodha ya wateja iliyoibiwa. Mdhibiti, yaani Mamlaka ya Maadili ya Fedha ya Uingereza, FCA, alisema kuna uwezekano mkubwa kwamba walitumia programu ya kukokotoa nambari za kadi hadi zikapatikana za kweli. Yaani walikisia, lakini kwa kompyuta.

Mtu atauliza, nambari yenye tarakimu kumi na sita inakisiwaje? Hapa ndipo tunaona mlango wa kwanza uliobaki wazi. Benki ilikuwa imetoa nambari za kadi kwa mfululizo. Kumbuka zile kadi za kukwaruza za kuongeza salio la simu. Kama nambari za siri zingefuatana, ungenunua moja ya Sh20, ukwaruze, na uandike zinazofuata bila kulipa. Ndiyo maana hazifuatani. Kwa kadi hizi za benki, ukishajua moja umepata fununu ya majirani zake.

Mlango wa pili ulikuwa tarehe ya mwisho ya kadi. Wakati wa kuidhinisha malipo, mfumo ulipaswa kuangalia kwamba mwezi na mwaka uliotajwa ni ule ule ulioandikwa kwenye kadi. Badala yake uliangalia tu kama tarehe hiyo bado haijafika. Ni kama askari wa lango anayekuuliza kitambulisho, unakitoa mfukoni, naye anatikisa kichwa bila kusoma jina. Mwizi hakuhitaji kujua tarehe yako. Alihitaji tarehe yoyote ya mbele.

Wa tatu ndio unaotukera zaidi. Mwaka mmoja kabla, Visa ilikuwa imeonya benki wanachama kuhusu wizi wa aina hii hii, unaotumia mtindo wa zamani wa malipo unaosoma taarifa za ukanda wa sumaku na kuacha ile chipu, na Brazil ilikuwa imetajwa kwenye onyo hilo. Tesco Bank ilisikia. Ilifunga njia hiyo kwenye kadi zake za mkopo. Kwenye kadi za akaunti za kawaida, zile zinazochota pesa ya mteja moja kwa moja, haikufunga.

Saa 21 za barua pepe

Mfumo wa kugundua wizi haukulala. Kufikia saa kumi alfajiri ulikuwa tayari unawatumia wateja ujumbe, ukiwaambia wapige simu kuhusu shughuli za kutiliwa shaka. Hebu jiweke hapo. Simu inalia saa kumi usiku, unasoma kwamba kuna kitu kibaya kwenye akaunti, unapiga, laini ina foleni.

Ndani ya benki, kikosi kilichokuwa zamu kilipaswa kumpigia simu mtaalamu wa kuzuia wizi aliyekuwa tayari kuitwa wakati wowote. Badala ya kupiga simu, kilituma barua pepe kwenye sanduku la pamoja la kikosi hicho. Wikendi. Zilipita saa 21 tangu wizi uanze kabla ya watu wanaofaa kupatikana.

Walipopatikana, wakaandika kanuni ya kuzuia malipo yale ya Brazil, wakaiweka kwenye mfumo, na hawakukaa kuitazama kama inafanya kazi. Saa kadhaa baadaye ndipo wakagundua kwamba haizuii kitu. Pale ilipotakiwa namba ya kutambulisha Brazil, waliweka namba ya sarafu ya yuro. Kosa la tarakimu chache, na pesa ikaendelea kutoka.

Tuseme ukweli, mifumo ya benki ilizuia karibu asilimia 80 ya majaribio hayo. Hata hivyo, katika saa 48 wezi walipata pauni milioni 2.26, na akaunti 8,261 kati ya 131,083 ziliguswa, yaani kama sita kwa kila mia moja. Kuna wateja ambao malipo yao ya kawaida yalikataliwa kwa sababu akaunti ilikuwa imekauka. Kwa muda benki ilisimamisha ununuzi wa mtandaoni kwa akaunti zote hizo, hata za wale ambao hawakuibiwa senti.

Faini ilihesabiwaje, na ilienda wapi

Tarehe 1 Oktoba 2018, karibu miaka miwili baadaye, FCA iliitoza Tesco Bank pauni 16,400,000. Linganisha na kilichoibiwa: ni zaidi ya mara saba. Na hiyo ni baada ya kupunguzwa. Kiasi cha mwanzo kilikuwa pauni 33,562,400. Benki ikapata punguzo la asilimia 30 kwa kushirikiana na wachunguzi, kurekebisha mifumo na kuwalipa wateja, kisha asilimia 30 nyingine ya kilichobaki kwa kukubali mapema badala ya kubishana.

Soma tena hilo punguzo la kwanza, kwa maana ndipo mteja anapoingia kwenye hesabu. Benki ilikuwa imewarudishia wateja pesa zao muda mrefu kabla ya faini kutajwa, na hilo likahesabiwa upande wake. Pauni milioni 16.4 zenyewe hazikumfikia mteja yeyote. Faini za FCA, zikitolewa gharama za uchunguzi, huenda kwa hazina ya serikali.

Pia angalia kosa lililoadhibiwa. Benki haikutozwa kwa sababu ilishambuliwa. Kila benki hushambuliwa, na kila kampuni ya pesa za simu pia, ikiwemo yetu. Ilitozwa kwa sababu hatari ilikuwa imeonekana, onyo lilikuwa limetolewa, na bado mlango ukaachwa wazi. Kisha moto ulipowaka, ukazimwa polepole. Wizi ambao hakuna mtu angeutarajia ungehukumiwa kwa namna nyingine.

Hapa kwetu je?

Benki Kuu ya Kenya ilizipa benki mwongozo wa usalama wa mtandao mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatoa wa watoa huduma za malipo, yaani kampuni kama sisi. Mwongozo unaiwajibisha bodi ya wakurugenzi, si vijana wa kompyuta peke yao. Unataka awepo afisa mkuu wa usalama wa taarifa, mifumo ijaribiwe na watu huru, na tukio kubwa liripotiwe kwa Benki Kuu ndani ya saa 24. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 nayo inataka mashambulizi yaripotiwe kwa kamati ya kitaifa ndani ya saa 24.

Kama taarifa zako binafsi zimevuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaingia. Kampuni inayozishika ina saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data, na inapaswa kukuarifu wewe pia. Faini ya juu ambayo Kamishna anaweza kutoza ni Sh5 milioni au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Neno "kidogo" hapo lina uzito. Kampuni inayouza Sh100 milioni kwa mwaka, asilimia 1 yake ni Sh1 milioni, basi hapo ndipo kikomo. Benki yenye mapato ya Sh30 bilioni, asilimia 1 yake ni Sh300 milioni, lakini kikomo chake kinabaki Sh5 milioni. Kwa mkopeshaji mdogo wa simu faini hii inauma. Septemba 2023 mmoja wao alitozwa Sh2,975,000 kwa kuchukua majina na nambari za watu kutoka kwa wengine na kuwatumia jumbe za vitisho. Wengi wenu mnaijua hiyo tabia bila kuelezwa. Kwa benki kubwa Sh5 milioni si tishio. Kwa maoni yetu kikomo hiki ni cha chini mno kwa taasisi za ukubwa huo, na tunasema hivyo tukijua kinatulinda na sisi.

Ila sheria hiyo hiyo ina kitu ambacho wateja wengi hawakijui: haki ya fidia. Mtu aliyepata hasara kwa sababu sheria ya data imevunjwa anaweza kudai kulipwa, na Kamishna amekuwa akiamuru fidia kwa watu binafsi. Malalamiko yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Kwa hivyo ukituuliza ufuate faini au ufuate fidia, tutakwambia fidia. Faini wataifuata wenyewe.

Swali jingine tunaloulizwa: faini ikitozwa, si watakata kwa pesa zetu? Kwa pesa ya simu, la. Kanuni za mfumo wa malipo zinataka pesa ya wateja iwekwe kwenye akaunti ya amana, mbali na pesa ya kampuni. Mishahara yetu haitoki humo, na faini haitoki humo. Kwa akaunti ya benki, faini ni mzigo wa benki na salio lako halibadiliki. Benki ikifilisika kabisa, ambalo ni jambo jingine, bima ya amana hulipa hadi Sh500,000 kwa kila mteja.

Mlango ulikuwa wa nani?

Hili ndilo litakaloamua kama elfu nane yako inarudi haraka, polepole, au hairudi.

Wateja wa Tesco Bank hawakufanya kosa lolote. Hawakutoa PIN, hawakubofya kiungo, hawakuzungumza na mtu. Mlango ulikuwa wa benki mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana hakukuwa na ubishi mwingi kuhusu kurudisha. Wengi wanaotupigia simu hapa wana hadithi tofauti. Mtu amepiga akijifanya wa huduma kwa wateja, ati pesa imetumwa kwako kimakosa, ati akaunti inafungwa leo, na katikati ya hofu hiyo PIN ikatajwa. Hapo mfumo uliona mteja mwenyewe, kwenye simu yake, na PIN sahihi. Bado ripoti, kwa sababu pesa ikiwa haijatolewa kwa wakala tunaweza kuizuia. Ila hatutakudanganya, dai la aina hiyo ni gumu.

Katikati kuna kubadilishwa kwa laini bila idhini yako, na hapa watu hukata tamaa mapema. Ghafla mtandao unapotea kwenye simu yako, na saa moja baadaye laini yako iko kwa simu ya mtu mwingine anayepokea nambari za uthibitisho za benki. Utaambiwa, "PIN ilitumika, hatuna la kufanya." Usiishie hapo. Uliza: laini ilibadilishwa saa ngapi, wapi, na kwa kitambulisho gani? PIN ya benki iliwekwa upya saa ngapi, na maswali gani yaliulizwa kabla ya kuwekwa upya? Kama laini ilibadilishwa bila kitambulisho chako, au PIN ikawekwa upya kwa kutaja tu jina na tarehe ya kuzaliwa, mlango huo haukuwa wako. Yaandike maswali hayo kwa barua au barua pepe, uombe jibu la maandishi.

Na kuhusu saa. Benki ile ilipoteza saa 21 kwa kutuma barua pepe mahali palipohitaji simu. Wewe fanya kinyume: piga simu kwanza, barua pepe iwe ya kuweka rekodi. Mtandao ukikatika kwenye simu yako wakati majirani wa mtandao huo huo wana mawimbi, azima simu na upige, kwa kampuni ya laini na kwa benki pia. Andika saa uliyopiga, jina la aliyekujibu, na nambari ya kumbukumbu. Usikate simu kabla hujapewa hiyo nambari. Halafu nenda kituo cha polisi uchukue nambari ya OB, hata kama kiasi kinaonekana kidogo na hata kama afisa anakuangalia kana kwamba unampotezea wakati. Piga picha za jumbe zote, na usifute ile ya mwizi kwa hasira. Ukikwama kwa benki, peleka karatasi hizo kwa Benki Kuu. Kama ni suala la data, kwa Ofisi ya Kamishna wa Data.

Jambo moja kutuhusu, kwa kuwa tumeisema sana Tesco Bank. Baada ya kusoma ripoti ile kwa makini tulijaribu wenyewe: saa tisa usiku, Jumapili, bila kuwaonya watu wa zamu, tukajifanya kuna wizi. Nambari ya kwanza kwenye orodha ya dharura ilikuwa ya mwenzetu aliyekuwa amehamia idara nyingine miezi minne iliyopita. Alipokea, akatuambia yeye sasa yuko mauzo. Mtu sahihi alipatikana baada ya dakika 38. Sasa orodha hiyo inajaribiwa kila mwezi, na tunapiga kweli, usiku.

Na yule muuza vipuri wa Nakuru? Laini yake ilibadilishwa saa tano usiku katika mji ambao hajawahi kufika. Alishtuka saa kumi na mbili asubuhi, akaazima simu ya jirani, akapiga saa kumi na mbili na dakika kumi, akaandika kila kitu nyuma ya risiti ya duka. Benki yake mwanzoni ilisema PIN ilikuwa sahihi. Akauliza iliwekwa upya saa ngapi. Ilikuwa saa tano na robo usiku, dakika kumi na tano baada ya laini kubadilishwa. Elfu nane zilirudi baada ya wiki tano. Faini hajasikia, na anasema hana haja ya kuisikia.